Magoti ya Nyumba ya Thani

Kabla barabara ya lami haijafika Sidr, kijiji chetu huku Omani, kila mtoto aliyezaliwa hapo alipokewa duniani kwa lawama. Mkunga, Bi Shinuna binti Hilal, alimfuta uso, akamtazama juu na chini, kisha akamwambia, "Umechelewa. Kahawa imepoa tukikungoja wewe." Ndipo alipoponda tende ya khalasi kati ya vidole vyake, akataja jina la Mwenyezi Mungu, na kumpaka mtoto utamu ule kaakaani. Mtoto akikinyonya kidole kwa nguvu, Bi Shinuna alimgeukia baba aliyekuwa akichungulia mlangoni na kumpa pole, maana huyu, alisema, atakula mpaka mlango.

Alikuwa mwanamke mrefu, mpana wa mabega, na bangili zake za fedha zilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Alipokuwa binti walitaka kumwoza mtoto wa ami yake, kama ilivyo desturi, akakataa. Akaolewa na Marhun, mfinyanzi kutoka Bahla, mtu asiye na ukoo wa kujivunia Sidr. Wanawake walimcheka kwamba amewaacha watu wake akaufuata udongo. Yeye akawajibu kwamba mitungi ya Marhun haivuji, ilhali yule mtoto wa ami yake huvuja kila anapofungua mdomo. Maneno hayo yalizunguka kijiji chote, na mtoto wa ami mwenyewe, Mungu amsamehe, aliyasimulia kuliko mtu mwingine yeyote.

Ndugu yake Bi Shinuna, Thani, ndiye aliyefuata desturi. Alimwoa Rayya, binti wa ami yao, msichana mwenye haiba na ulimi wa kisu. Harusi yao ilisifiwa bonde zima: damu moja, shamba moja, mfereji mmoja wa maji. Rayya alipopata uchungu wa mimba ya kwanza, nani mwingine angeitwa? Wifi yake alifika na mfuko wake wa ngozi ya mbuzi, akatandika, akasali, na mtoto akaja kichwa mbele bila taabu yoyote. Lakini magoti yake yalikuwa yamekunjika upande usio wake, miguu imepanda mbele kuelekea kifuani kama jani lililokunjwa vibaya. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bi Shinuna alisahau kumlaumu mtoto. Alinyamaza. Rayya, pale alipolala, aliusikia ukimya huo na akauweka moyoni.

Mtoto aliitwa Muhanna. Mganga wa mifupa aliletwa, akamfunga kwa vijiti na vitambaa. Mwingine akaletwa na chuma cha moto, akamchoma alama mbili juu ya kila goti, dawa ambayo wazee wetu waliitegemea kwa watu na kwa ngamia. Miguu ilinyooka kidogo, mtoto akatembea kwa kuchelewa, akiyumba, na akaacha kurefuka wenzake walipokuwa bado wanapanda. Akili yake ilikuwa kali kama ya mama yake. Akafuata binti mzima, mrefu, asiye na kasoro, na watu wakasahau. Kisha akazaliwa Ghaniya, na magoti yake yalikuwa kama ya Muhanna.

Hapo ndipo maneno yalipoanza kwenye mfereji, wanawake wakifua. Walisema mkono wa Shinuna ni mzito. Walisema anavuta. Siku Rayya alipotimiza siku arobaini za uzazi, ukumbi umejaa wageni, kahawa inazunguka na sahani ya uwatu na asali iko katikati, alimgeukia wifi yake mbele ya wote.

"Shinuna, watoto wa wenzangu unawapokea. Wa kwangu unawavuta. Usimguse tena mtoto wa nyumba hii."

Bi Shinuna alikitua kikombe chake taratibu. "Sawa, binti ami," alisema. Akajifunika shela yake, akarudi nyumbani, akautundika ule mfuko wa ngozi nyuma ya mlango, kati ya kamba na chekecheo la udongo la mumewe. Watu wengine nao waliacha kumwita. Walimtuma mtu kijiji cha jirani kwa mkunga mwingine, na walipopita karibu na nyumba yake walitembea upesi.

Miaka ikaenda, lami ikafika, na wajawazito wakaanza kupelekwa hospitali ya Nizwa. Ukunga ulikwisha wenyewe, hata kwa wale waliokuwa na mikono myepesi. Lakini tende haikwisha. Mtoto akirudishwa nyumbani, bado familia humtafuta mtu mwenye mkono wa heri ampake kaakaani, na hapo ndipo palipomuuma Bi Shinuna. Kila aliposikia kwamba fulani amejifungua, alivaa nguo yake ya kijani na bangili zake zote, akaweka kahawa motoni, akakaa sebuleni akiwa ameelekea mlango. Jioni Marhun alirudi kutoka kwenye tanuri, akamkuta amevaa vile. Alikaa, akainywa kahawa yote peke yake, akaisifu.

Alimwomba Mungu jambo moja tu katika kila sala, na alimwambia Marhun ni lipi: asimchukue kabla hajaitwa tena, hata mara moja, kumpokea mtoto kwa mkono wake.

Msidhani alikuwa mtu wa huzuni. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya vicheko, na mchekeshaji mkuu alikuwa Muhanna mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja akiyumba na fimbo yake, mgongo umepinda, kilemba kimefungwa kwa madaha kuliko cha mwanaume yeyote wa Sidr. Alikuwa na jiko la halua. Hakuweza kuikoroga mwenyewe, kwa kuwa kukoroga halua ni kazi ya mabega na magoti, kwa hiyo alijitengenezea kiti kirefu kama mimbari, akakaa juu yake akiwaamuru wakorogaji na kuonja. Alisema Mungu amempa kazi inayomfaa, ya mdomo mtupu.

"Shangazi," alimwambia Ijumaa moja, akinyoosha mguu wake wenye alama za moto, "hawa watu hawafikiri. Kitu ukikivuta kinafanya nini?"

"Kinarefuka."

"Basi nitazame. Mimi nimevutwa? Mimi kuna mtu alinisukuma nirudi ndani."

Bi Shinuna alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shela. Kisha akasema, "Lakini mama yako anasema nilivuta."

"Mama yangu anasema pia kwamba mimi ni mzuri wa sura. Utamwamini kwa lipi?"

Ikawa mwaka mmoja, baada ya mavuno ya tende, akaja muuguzi Badriya, binti wa Sidr aliyekuwa akifanya kazi hospitali kubwa ya Maskati. Alikuja na daktari mmoja mpole mwenye miwani. Ghaniya alikuwa amekwenda kutibiwa nyonga huko, na madaktari walipoona picha za mifupa yake waliuliza kama nyumbani kuna mwingine kama yeye. Sasa walitaka kuchukua damu kidogo kwa watu wa nyumba ya Thani, wazima na wasio wazima, wajue ugonjwa huu unatoka wapi.

Habari ilipotangazwa msikitini kwamba wageni kutoka Maskati wamekuja na wanataka damu, watu wa Sidr walielewa kwa namna yao. Wageni wamekuja, wanaomba kitu. Je, waondoke nacho kidogo? Asubuhi baraza ilijaa. Walikuja Thani na wanawe, na baada yao majirani, na baada ya majirani watu wa upande wa pili wa bonde ambao hawana udugu na Thani hata wa kuazima, kila mmoja amekunja mkono wa kanzu. Mzee mmoja alikasirika alipoambiwa damu yake haihitajiki. Akauliza kama ya Thani ina zafarani. Daktari alikuwa ameshajaza chupa kadhaa za watu wasiohusika kabla hajatambua, na Badriya alicheka mpaka akashindwa kuandika. Mwisho Muhanna alipanda juu ya benchi mlangoni na kuanza kuwachambua: huyu wetu, huyu jirani, huyu amekuja kwa ajili ya halua. Waliorudishwa walipewa halua, ili wasione wamedharauliwa.

Mtu mmoja wa damu ile hakuwepo. Muhanna alimfuata shangazi yake na kumkuta amefunga mlango. Alimsikia ndani, bangili zikigongana.

"Waambie sipo."

"Nitawaambia hupo, na wewe unanijibu?"

Bangili zikasogea karibu na mlango. Kisha akasema kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, "Muhanna, wamekuja kuuliza nani aliwavunja. Wataona ni mimi. Sasa hivi watu wanasema tu. Jambo likishaonekana kwenye mashine ya Maskati, nitamwomba Mungu nini tena?"

Muhanna aliegemea mlango, magoti yake hayampi ruhusa ya kusimama sana. "Shangazi, wanataka damu. Mkono wako hawakuuliza."

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa amevaa nguo ya kijani. Alikwenda, akakaa upande wa wanawake, mbali na Rayya, akatoa mkono wake wa kulia na kutazama pembeni, mdomo ukitembea kwa dua.

Majibu yalichukua muda mrefu, mpaka watu wakachoka kuyazungumzia. Daktari aliporudi na Badriya, kila mtu aliitwa peke yake na kuambiwa lake kwa siri. Kisha, kwa ombi la Thani, daktari akaelezea jambo lenyewe barazani, wanaume huku na wanawake nyuma ya pazia lililofunguliwa.

Alisema kwamba mwisho wa kila mfupa kuna gegedu, kitu laini na kigumu kwa pamoja, kinachozuia mifupa isisagane. Ndani ya gegedu kuna minyororo mirefu ya sukari. Sukari hiyo peke yake haitoshi. Mwilini kuna kimeng'enya, yaani mfanyakazi mdogo asiyeonekana, ambaye kazi yake ni kuipachika kemikali iitwayo salfeti juu ya sukari hiyo, mahali pake hasa. Ikishapachikwa, gegedu hushika maji, likawa na nguvu. Maagizo ya kumtengeneza mfanyakazi huyo yamo kwenye jeni moja, na katika nyumba hii jeni hiyo ina kasoro. Kwa hiyo viungo vya mtoto havishiki tangu akiwa tumboni.

Watu walitazamana. Muhanna akakohoa juu ya kiti chake. "Niwaambie kwa lugha ya watu," alisema. "Mmenunua sukari, samli na zafarani, moto unawaka, na mtia wanga hakuja kazini. Mtapata nini?"

"Shira," wakajibu watu wengi kwa pamoja.

"Basi mimi ni shira. Sukari ninayo, utamu mnaujua wenyewe, lakini sijashika."

Baraza lilicheka, na daktari akasema hajawahi kueleza vizuri hivyo. Akaongeza kwamba kila mtu ana jeni hiyo mara mbili, moja ya baba na moja ya mama, kama nyumba yenye visima viwili. Kisima kimoja kikikauka, cha pili kinatosha, na mtu huishi mzima bila kujua. Shida huja mtoto akirithi kikavu kwa baba na kikavu kwa mama. Hutokea zaidi pale baba na mama wanapokuwa wa babu mmoja. Halafu akasema maneno ambayo Bi Shinuna aliyasubiri tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Mtoto anakuwa hivi kabla hajazaliwa. Hakuna mkunga anayeweza kuyasababisha magoti haya, na hakuna ambaye angeweza kuyazuia."

Upande wa wanawake vikombe viliwekwa chini. Bi Shinuna alihisi macho yakimgeukia, kisha yakaondoka kwake na kwenda kwa Rayya. Na Rayya alikuwa bado akikizungusha kikombe kitupu mkononi. Kisha akasema, kwa ukali wa mtu aliyeumia, "Kwa hiyo ni sisi. Mimi na baba yao. Damu ya babu yetu, inayosifiwa na watu wote, ndiyo chafu."

Mwanamke mmoja wa majirani alikuwa ameshavuta pumzi ili aseme kitu, na wote walijua kitakuwa kitu gani. Bi Shinuna akamwahi.

"Si chafu, binti ami. Ni kisima kikavu tu, na mimi ninacho." Aliinua mkono wake wa kulia. "Badriya ameniambia leo asubuhi. Kimoja kikavu, kimoja kina maji, kama wewe. Ningeolewa na yule mtoto wa ami, pengine ningezaa akina Muhanna sita, na nani angeweza kuwalisha? Mungu aliniletea mtu wa udongo. Sikujua ninakimbia nini."

Wanawake walicheka, na wakati wa kumsema Rayya ukapita. Bi Shinuna hakuwa na haja ya kusema siri yake, na Badriya alimwambia hivyo baadaye. Bi Shinuna akamjibu kwamba aliona mwenzake amebebeshwa gunia peke yake, na upande mmoja wa gunia ulikuwa wake.

Mnaweza kudhani kwamba kuanzia hapo aliitwa kila mahali. Haikuwa hivyo. Watu waliona haya. Mtu aliyepita haraka mbele ya mlango kwa miaka mingi hawezi kusimama ghafla na kubisha hodi. Na Rayya hakuja. Alimsalimia msibani na harusini, akainamisha kichwa, basi.

Muhanna alikuwa akitafuta mke. Mama yake alishamchagulia binti wa ndugu yake, lakini baada ya maneno ya daktari aliacha mwenyewe, bila kuelezea. Muhanna akatafuta mbali, akampata Azza, mwalimu kutoka Sur, msichana mrefu mwenye kicheko kikubwa. Alipimwa, na visima vyake vyote viwili vikakutwa na maji. Siku ya harusi bwana harusi aliwatangazia wageni kwamba amempata mtu wa kumteremshia vitu kabatini. Azza akajibu kwamba naye amempata mtu wa kuokota vilivyoanguka. Hapo Bi Shinuna akasema ndoa hii itadumu.

Azza alijifungua Nizwa mtoto wa kiume. Habari ilifika Sidr kabla ya adhuhuri. Kwa desturi yetu, bibi mzaa baba ndiye huchagua mkono wa kumpaka mtoto tende. Bi Shinuna alivaa nguo ya kijani, akavaa bangili, akaweka kahawa motoni. Marhun, ambaye sasa alikuwa mzee na hakwenda tena kwenye tanuri, alitaka kukaa naye, lakini yeye akamtuma aende msikitini. Hakutaka aone akingoja. Adhuhuri ikapita. Akaipasha kahawa moto. Alasiri ikaadhiniwa, akasali, akarudi pale pale.

Gari lilisimama nje. Akashuka Rayya, si mwingine, amezeeka, anashika ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amembeba mtoto ndani ya shali nyeupe. Nyuma yake Muhanna alikuwa na bakuli la tende, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote mdomoni.

Rayya alikaa mbele ya wifi yake, goti kwa goti. Yote aliyoyapanga njiani yakampotea. Akamweka mtoto mapajani mwa Bi Shinuna.

"Nipe mkono wako, binti ami," alisema. "Uko wapi? Nimekuja na mtoto."

Bi Shinuna aliifungua shali taratibu. Magoti mawili madogo, manene, yaliyokunjika upande wake wa haki, yakapiga teke hewani. Mtoto alikuwa mzima, na kisima chake kikavu kimoja ndani, kama shangazi wa baba yake. Alichukua tende, akaiponda. Rayya akamshika kifundo cha mkono, wakampaka pamoja. Mtoto akakinyonya kidole kwa nguvu zote.

"Umechelewa," Bi Shinuna akamwambia, machozi yakimdondoka mpaka kwenye bangili. "Umechelewa mno, bwana mdogo. Kahawa imepoa."

"Haijapoa," Muhanna akasema, "naona mvuke hapa."

Wakainywa. Jioni Marhun alirudi kutoka msikitini akakuta birika tupu, na hakuwa na kitu cha kukisifu. Alilalamika mpaka akalala, na hakuna aliyewahi kumwona na furaha kama ile.

Baada ya hapo milango ilifunguka mmoja mmoja, na kuna watoto wengi Sidr, warefu na wafupi, waliolaumiwa na Bi Shinuna katika miaka yake ya mwisho. Mwenyezi Mungu alimchukua mwaka huu, alfajiri ya Jumatatu, baada ya sala, bila ugonjwa mrefu. Waliomwosha ni wanawake wa nyumba yake, na Rayya alikataa kukalishwa kitini. Kuosha maiti huanza na upande wa kulia, na mkono ule aliuosha yeye, kidole kwa kidole, akichukua muda wake, mpaka wakamwambia maji yanapoa. Walimsikia akimnong'oneza, kwa lawama, kwamba amewahi mno, kahawa bado iko motoni.

Mwenyezi Mungu amrehemu, aupokee mkono wake kama ulivyotupokea sisi.